Kikinga cha Rola

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, Mama Mashuka alichukua penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye msumari, akailamba ncha, akaandika katika daftari la hitilafu: Kikinga cha rola bado hakipo. Daftari lilining'inia kando ya mlango wa boila. Jalada lake lilikuwa limejikunja kwa mvuke, na kurasa zake zilikuwa zimelainika kama kitambaa cha kufutia sahani. Ukizifunua za nyuma ungeikuta habari yote kwa mwandiko uleule wa kulalia kushoto. Kikinga kimelegea. Kikinga kimeng'oka upande mmoja. Kikinga kimefungwa kwa waya. Waya umekatika. Kikinga hakipo. Hilo la mwisho, siku hiyo alikuwa analiandika kwa mara ya kumi na moja.

Kilikuwa kiwanda cha kufulia, kilichopokea mashuka ya hospitali mbili na hoteli tano. Rola yenyewe ni pipa refu la chuma lenye moto ndani, lililolazwa kwa upana. Unalilisha shuka bichi upande huu, linalivuta, na upande wa pili shuka linatoka kavu, limenyooka. Mbele ya mdomo wa rola hutakiwa kuwe na kikinga, ubao mwembamba wa chuma unaoachia shuka lipite na kuzuia vidole. Kwenye rola hii yalibaki matundu mawili ya bolti, moja huku na moja kule, na kati yake hapakuwa na kitu.

Kwa nafsi yake Mama Mashuka hakuwa na haraka. Vidole vyake vilikuwa na miaka kumi na tisa pale, vilishajua mahali pa kukomea. Lakini binti yake wa mwisho, ambaye watu wote walimwita Kitinda, alikuwa amepata kazi hapohapo, naye angeanza kulisha rola tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Kitinda alikuwa mtu wa kutazama kando akizungumza. Tangu utotoni hakuweza kumenya kitunguu na kujibu swali kwa wakati mmoja. Kidole chake cha shahada kilikuwa na makovu manne, na mama yake alijua kila kovu lilitokana na swali gani.

"Andika kwa wino mwekundu, mwenzangu," alisema Bi Foronya, aliyepokea mashuka upande wa pili na kuyakunja. "Ukiandika kwa penseli wanadhani ni barua ya mapenzi."

"Kwa umri huu nani wa kumwandikia?"

"Si huyo rola? Kila siku mnatazamana."

Kesho yake Meneja alirudi kutoka semina ya siku tatu, na begi lililojaa kadi za kijani. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya watoto wa kila mfanyakazi, na ukiugua alikuja kukuona na machungwa kwenye mfuko. Aliwakusanya wote kati ya mashine za kukaushia, akawapanga duara, akawaambia washikane mikono. Mikono ilikuwa na majimaji ya sabuni ikateleza, wakacheka.

"Familia yangu," alisema Meneja, "tumekaa miaka mingi tukitafutana makosa. Basi, imetosha. Kuanzia leo hapa hatutazami kilichopungua. Tunatazama kilichopo. Kila asubuhi tutasimama hivi, na kila mmoja atamtaja mwenzake ana nguvu gani. Akishatajwa, tunampigia makofi matatu."

Kisha alitundika kwenye msumari daftari jipya, la jalada la kijani, na kalamu yake. Humo, alieleza, kingeandikwa kile walicho nacho tu. Hitilafu, upungufu na manung'uniko havikuwa na nafasi humo.

Mama Mashuka alishtuka hata akasahau kufunga mdomo.

"Na lile la zamani, bosi?"

"Lile tumelipumzisha, mama."

Fundi, mzee aliyeangalia boila, alijitazama viatu. Daftari la zamani lilikuwa limeingia motoni tangu saa kumi na mbili na nusu. Lilichelewa kuwaka kwa sababu ya unyevu, hivyo Fundi alikuwa amepata muda wa kusoma kurasa mbili tatu zikijikunja, na zote zilisema juu ya kikinga.

Tuseme ukweli, duara lilifanya kazi. Mpakiaji wa mashine za kufulia, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu tangu alipoacha shule, aliambiwa ana mgongo imara. Alilia mbele za watu. Wiki hiyo mgongo wake uliongezeka urefu wa vidole viwili, na mkewe akamshushia upindo wa suruali. Kwa kuwa sasa mgongo ulikuwa imara hivyo, toroli lililovunjika gurudumu halikutengenezwa. Alibeba marobota kichwani. Fundi aliambiwa ana masikio makali. Akaanza kuisikia boila akiwa nyumbani kwake, nyumba ya nne baada ya shule, na akiwa mezani aliweza kusema presha imefika ngapi. Msaidizi wake akahamishiwa stoo, kwa sababu masikio hayo yalitosha watu wawili.

Mama Mashuka aliambiwa ana uvumilivu. Alipigiwa makofi matatu. Hakuhisi chochote kikirefuka.

Aliporudi kwenye mashine alilitazama daftari la kijani kwa muda. Hakuwa mtu wa kushindana, ila siku zilikuwa zinakwenda na tarehe mosi ilikuwa inakuja. Akawaza kwamba kama kilichopungua hakiandikwi, basi angeandika kilichopo, na mwenye akili angeelewa mwenyewe. Akaandika kwa utaratibu, herufi moja moja: Rola ina mdomo mpana ulio wazi, na inavuta kwa nguvu sana.

Asubuhi iliyofuata Meneja alisoma maneno hayo mbele ya duara. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha.

"Mnaona? Hata mashine! Mama Mashuka ameona nguvu hata kwenye mashine! Jamani, tuipigie rola makofi."

Wakaipigia rola makofi matatu. Bi Foronya alipiga huku akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Fundi ndiye aliyesikia kwanza: ndani ya pipa, muungurumo ulishuka ukawa mzito, kama mtu aliyesifiwa akaikaza sauti. Kabla ya hapo rola ilikuwa inavuta shuka moja kwa sekunde kumi na nane. Siku hiyo ilivuta kwa sekunde kumi na mbili, na haikurudi nyuma tena. Meneja aliongeza marobota.

Jumatano ya wiki ya pili, saa nne kasoro dakika nne, Mama Mashuka alikuwa analisha shuka la kitanda kikubwa, la hoteli, lenye mstari wa bluu. Pembeni lilikuwa na mkunjo. Alinyoosha mkono wa kulia kuulainisha, kama alivyofanya mara nyingi zisizo na hesabu, na vidole vikakomea pale vilipozoea kukomea. Ila rola ilikuwa na haraka mpya. Mkono uliingia na shuka, vidole, kiwiko, mpaka bega.

Upande wa pili Bi Foronya alipokea shuka, akalikunja mara moja, akalikunja mara ya pili, akalipiga kofi kulilaza. Hapo ndipo alipoiona pete.

"Mwenzangu," aliita. "Mkono wako uko huku."

Fundi alizima mtambo, akainua pipa kwa jeki. Damu haikuwepo. Mkono ulitoka umenyooka, mwembamba kama mashuka mawili yakilazwa pamoja, na ulikuwa umerefuka kama chapati inavyotanuka chini ya kifimbo cha kusukumia. Pete ilikuwa bapa kama shilingi. Mkono ulikuwa na joto na ulinukia sabuni. Mama Mashuka alivichezesha vidole. Vikacheza, vikipepea kama upepeo. Bi Foronya alimkunjulia mikunjo yake miwili polepole, akiomba radhi kila mkunjo.

"Unauma?"

"Hauumi. Ni joto tu. Lile shuka halikuungua?"

Halikuungua. Lilipelekwa hotelini pamoja na mengine.

Mama Mashuka alienda nyumbani na mkono wake ukiwa umekunjwa kwenye mfuko wa aproni. Kitinda, alipouona, aliutandaza mezani akaupapasa kote, akatafuta mikunjo iliyobaki, akaipiga pasi kwa moto mdogo, kitambaa kibichi kikiwa juu yake. Walikula. Mama alitumia kushoto.

"Sasa kikinga watakiweka," alisema Kitinda.

"Wataweka. Sasa wameona wenyewe."

Kesho yake kwenye duara Meneja alikuwa na macho mekundu. Alimletea Mama Mashuka machungwa. Alisimama mbele yake, akamshika bega lililo zima.

"Mama yetu, leo tunaanza na wewe. Tuambie una nini."

"Nataka kikinga."

"Hicho ni kilichopungua, mama. Sisi tuambie kilichopo."

Kimya kilirefuka hadi mashine mojawapo ya kukaushia ikajizima yenyewe. Kila mtu alijua kwamba mfanyakazi asiye na la kutajwa kwenye duara alikuwa anaitwa ofisini, na wa mwisho aliyeitwa hakurudi kuchukua hata kikombe chake. Bi Foronya hakuweza kuvumilia. Akasema haraka haraka:

"Ana mkono unaoweza kupita chini ya mashine!"

Makofi matatu. Meneja alipangusa macho, akaandika.

Na mkono kweli ulipita. Siku hiyo Mama Mashuka alilala kifudifudi kwenye saruji, akauingiza chini ya mashine za kukaushia, mahali ambapo hakuna ufagio uliowahi kufika, akatoa foronya arobaini na moja, vijiko sita, kipimajoto cha hospitali na soksi ndogo ya mtoto mchanga. Meneja alipanga vyote juu ya meza, akavipiga picha, akaipeleka makao makuu. Makao makuu walijibu siku hiyohiyo kwamba wamefarijika sana.

Ilibaki siku nne kufika tarehe mosi. Mama Mashuka aliomba kuonana na Meneja ofisini. Aliketi pembeni ya kiti, mkono ukiwa umekunjwa mapajani kama leso.

"Bosi, mwanangu anaanza Jumatatu. Yeye hutazama pembeni akiongea. Naomba kikinga, sina jingine."

"Mama, hivi unadhani mimi sikutakii heri?"

"Najua unanitakia."

"Basi tazama." Meneja alimgeuzia fomu ya maombi ya vifaa. Ilikuwa mpya, yenye mpaka wa kijani. Juu iliuliza: Mna nini? Chini iliuliza: Mna nini kingine? "Nafasi ya kusema kitu hakipo, haipo. Nimeitafuta. Nimegeuza hata nyuma. Nikiandika pembeni wataniuliza kwa nini tawi langu lina roho ya upungufu."

Mama Mashuka aliishika ile fomu, akaigeuza na yeye. Nyuma palikuwa peupe. Akabaki ameishika, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba mlangoni kabla ya kukaribishwa. Mkono wake kuwa bapa haukumshtua hivyo. Karatasi ile ndiyo iliyomshtua.

Kisha alikwenda kwa Fundi, akamwomba futi ya utepe. Walipima mdomo wa rola kutoka tundu la bolti mpaka tundu la bolti: mita mbili na robo. Wakaupima mkono, kutoka bega mpaka ncha ya kidole cha kati. Fundi alipima mara mbili, kwa sababu alitamani apate namba nyingine.

"Ni ileile, dada," alisema.

Jumatatu, Kitinda alifika na aproni mpya iliyo bado na mistari ya kukunjwa. Alimkuta mama yake amesimama kandokando ya rola, bega kwenye tundu la kwanza, mkono ukiwa umetandazwa mbele ya mdomo wote wa mashine, na vidole vimefungwa kwa kitambaa kwenye tundu la pili. Shuka lilipita chini yake. Vidole havikupita. Kitinda alilisha shuka la kwanza, la pili, na kwenye la tatu Bi Foronya alimuuliza jana walipika nini. Kitinda akageuza shingo kujibu. Mkono ukamsukuma vidole nyuma.

"Mama, unanipiga!"

"Rudisha mkono wako. Halafu mjibu mwenzako."

"Mboga za majani," alijibu Kitinda, akacheka, akaendelea kulisha.

Asubuhi hiyo alisukumwa mara thelathini na mbili. Mama yake hakuhesabu kwa kutaka, ila alizihisi moja moja. Meneja alipita, akasimama, akaweka mkono kifuani. Alisema katika maisha yake yote ya kazi hajaona mtu aliyeijua nguvu yake namna hii. Aliandika kwenye daftari la kijani: Tuna kinga.

Saa nane mchana zamu ilibadilika. Mama Mashuka alianza kufungua kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mwanamke wa zamu ya mchana, mjamzito wa miezi sita, alisimama mbele ya rola akisubiri. Alitazama tu yale matundu mawili ya bolti.

"Na wenzako wa mchana, mama?" Meneja aliuliza taratibu.

Mama Mashuka alimtazama yule mwanamke, akayatazama matundu. Kisha aliupinda mkono pale begani, akautikisa kidogo, na mkono ukatoka, kama mkono wa gauni ambao uzi wake umechakaa. Fundi alifunga bolti upande wa bega. Alitia kipande cha mpira kati ya chuma na ngozi ili usikwaruzwe. Mama Mashuka akabana aproni yake kwa pini, akaenda nyumbani na mwanawe. Njiani Kitinda alimbebea mkoba.

Kuanzia hapo mkono ulibaki kazini. Nyumbani, akichambua mchele kwa kushoto, Mama Mashuka alihisi vidole vya watu. Alivijua vya Kitinda kwa makovu. Alivijua vya yule mjamzito kwa uvimbe, mpaka siku vilipokoma kuja, akajua amekwenda kujifungua. Mara nyingine alikuwa anasimama ghafla katikati ya maneno na kusema, "Rudisha," na wageni wakaendelea na maongezi yao. Kiwandani watu walizoea kuusalimu mkono wakipita. Bi Foronya aliupaka mafuta kila Ijumaa, maana joto liliukausha. Katika orodha ya vifaa uliandikwa kati ya jeki na spana.

Mwezi wa tano likaja lori na sanduku kubwa la mbao. Ilikuwa rola ya pili, mpya, ndogo, ya foronya na taulo. Mama Mashuka aliitwa aje kushuhudia, kwa heshima. Fundi alibandua mbao, akatoa misumari, wakatoa matakataka ya kupakilia. Mama Mashuka aliinama, akaanza kuyapekua matakataka kwa mkono wake mmoja. Alipekua mpaka sakafu ya sanduku.

"Mama, unatafuta nini?"

"Kikinga chake."

Meneja alitabasamu kama anayefichua zawadi. "Hii tuliagiza isiyo na kikinga. Tuliwaandikia kwamba kinga tunayo wenyewe, hapa hapa, kwa watu wetu. Makao makuu wamesema tawi letu ni la mfano. Matawi mengine nayo yataagiza hivi hivi."

Mama Mashuka alibaki ameinama, mkono ndani ya sanduku. Alitaka kusema neno na neno lenyewe lilikuwepo, alilihisi kabisa ulimini, lakini lilikuwa ni neno la kilichopungua, na watu walikuwa tayari wanapanga duara.

Walishikana mikono. Yeye aliyekuwa kulia kwake alimshika kwenye pini. Meneja alizungusha macho, akimtabasamia kila mtu, mpaka akafika kwa Kitinda, aliyekuwa anatazama kando.

"Na huyu je? Miezi mitano sasa na hatujamtaja. Kitinda ana nini?"

Bi Foronya aliuma midomo yote miwili akaikaza. Mpakiaji alitazama juu. Nje lori liligeuza, likaondoka.

"Basi nitasema mimi," alisema Meneja kwa upole. "Kitinda ana mikono ya mama yake."

Makofi matatu. Kitinda naye alipiga, kwa kuwa ndiyo desturi, kwa nguvu, mikono yote miwili. Mama Mashuka alijipiga paja mara tatu. Fundi hakupiga. Hakuna aliyekuwa amemtuma, lakini alikuwa ameshachuchumaa mbele ya rola mpya na futi yake ya utepe, akipima kutoka tundu mpaka tundu.

"Mita moja na nusu," alisema. "Hii ni fupi kidogo."